Kabla ya Kununua Seva Mpya
(Maneno kwa watunza takwimu wa vituo vyetu vya afya)



Mama amesimama dirishani na mtoto mgonjwa mgongoni, nasi tunasubiri kadi yake ifunguke kwenye kompyuta. Hapo husemwa: "Tununue seva yenye prosesa kubwa." Naomba tutulie kwanza.

Kumbukumbu zetu zimo katika Microsoft Access. Seva hutunza faili tu; kutafuta na kuhesabu hufanywa na kompyuta ya mezani, baada ya data kusafiri kwenye mtandao. Njia ikiwa nyembamba, ghala kubwa halisaidii.

Basi tuanze na njia. Tutumie waya, maana mtandao usio na waya ukikatika wakati wa kuandika, faili huweza kuharibika. Swichi ya megabiti 100 kwa sekunde tuibadilishe kwa ya 1,000. Kisha tuweke diski ya SSD. Namba ya kadi nayo iwekewe faharasa, ili jedwali zima lisisomwe. Hiyo haina gharama.

Faili likikaribia gigabaiti 2, ukomo wa Access, ndipo tuhamie SQL Server. Huko prosesa ya seva itafanya kazi kweli.

Fedha hizi ni sadaka za watu. Tupime kwanza, ndipo tununue.