Intaneti ya Saiba Ikizubaa, Anza na Waya

Mazungumzo ya afisa wa TEHAMA na wenye saiba na walimu wa kompyuta, Kitengela



Waliowahi kutumia simu ya mezani watakumbuka: unampigia mtu wa Namanga, na kwa mbali unasikia wengine wakibishana bei ya ng'ombe. Laini mbili zilipita kando kwa kando, na sauti ya moja ikavuja ikaingia nyingine. Mwingiliano huo hutokea pia ndani ya kebo ya kompyuta.

Kebo hiyo ina nyaya nane, zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne. Msokoto si urembo. Alexander Graham Bell aliupatia hataza mwaka 1881, kwa ajili ya simu. Nyaya mbili zikisokotwa pamoja, kelele za jozi jirani huziingia zote karibu sawasawa, na kifaa kinachopokea huzifuta.

Mwenye saiba mmoja hapa Kitengela alipandisha kifurushi mara mbili. Bado wateja wa KRA na eCitizen walikaa foleni, fomu zikikwama katikati. Fundi alileta testa ya taa, zote nane zikawaka kwa zamu, akasema kebo ni nzima. Haikuwa nzima. Testa ile huonyesha tu kwamba waya umefika upande wa pili. Haijui umesokotwa na upi.

Tulipotazama kichwa cha kebo, rangi zilipangwa vizuri kwa macho: chungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili. Shida ni kwamba kompyuta huchukua nafasi ya 1 na 2 kuwa jozi, kisha 3 na 6. Hapo ya 3 ilikuwa ya kijani na ya 6 ya buluu, kila moja imesokotwa na mwingine. Mpangilio unaofaa, T568B, ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili. Vichwa vilikatwa, vikafungwa upya, na foleni ikaanza kusonga.

Nawe unaweza kujipimia. Nakili faili kubwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine humo humo dukani, bila intaneti. Ikijikokota, usimlaumu bado anayekuuzia intaneti. Weka kebo fupi ya kiwandani mahali pa ile ya zamani. Kasi ikirudi, umempata mkosaji. Fundi anapofunga kichwa, asifungue msokoto zaidi ya milimita 13. Wengi hufungua hata kidole kizima ili vidole vyao vipate nafasi.

Walimu, nanyi sikilizeni. Kipimo kinachopima mwingiliano wenyewe kipo, ila ni ghali, si cha kununua. Mkijengewa maabara, mkataba useme mkandarasi alete matokeo ya kipimo hicho kwa kila kebo kabla ya kulipwa. Dari likishafungwa, kuirekebisha ni gharama yenu.

Nimeleta kebo mbili, nzima na mbovu. Zipitisheni mtazame ncha, kisha tuchukue maswali.