PENSHENI YA ASKARI MZEE NI DENI, SI SADAKA

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa leo tuzungumze juu ya askari mzee anayedai malipo ya uzeeni kwa kazi ya jeshi aliyoifanya zamani. Wapo watakaosema kuwa jambo hili ni dogo, kwamba linawahusu watu wachache, na kwamba wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Sisi tunasema kinyume chake. Namna dola inavyomtendea mtu ambaye hana tena nguvu za kuitumikia ndiyo kipimo cha namna itakavyotutendea sisi sote tutakapofika umri wake.

Na tuanze kwa kulipambanua neno lenyewe. Sadaka hutolewa na mwenye kutoa akipenda, kwa kiasi akipendacho, na anayepewa hushukuru. Deni halina hiari. Anayedai hana haja ya kushukuru, na anayedaiwa hana fakhari ya kulipa. Mtu aliyeitwa, akavishwa sare, akapewa nambari na bunduki, akapelekwa asikokujua, ametoa kitu kisichorejea, nacho ni ujana wake, na pengine mguu wake au jicho lake. Malipo ya kitu hicho hata yakicheleweshwa miaka 50 hayageuki kuwa ihsani. Hubakia deni, na wahenga wetu wamesema dawa ya deni ni kulipa.

Tazameni mambo yalivyokuwa katika nchi zetu hizi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1914 mpaka 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana Afrika ya Mashariki juu ya migongo ya watu wetu. Wapagazi walichukuliwa kwa maelfu kutoka bara, na mwaka 1917 walitolewa kutoka Zanzibar pia. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi zaidi kuliko waliouawa na risasi. Mishahara ya wengi wa marehemu hao haikuwafikia warithi wao. Mwaka 1927 sanamu ya askari ilizinduliwa Dar es Salaam, nayo ipo mpaka leo. Sanamu ni heshima njema, lakini haimnunulii mjane kibaba cha mchele.

Vikaja Vita vya Pili. Askari wa King's African Rifles, ambao watu wetu waliwaita Keya, walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakaenda Madagascar mwaka 1942, kisha wakavushwa bahari kwenda Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na mamia kati yao walikuwa askari wa Afrika ya Mashariki.

Vita vilipokwisha, askari aliyeandikwa kwa muda wa vita tu hakuwekewa pensheni ya uzeeni. Alipewa kiinua mgongo, akaambiwa arudi kwao. Na kiinua mgongo hicho hakikupimwa kwa cheo na kwa muda wa kazi peke yake. Kilipimwa kwa rangi ya ngozi pia. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa askari mweupe katika makoloni hayo hayo aliweza kupewa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Risasi ya Mjapani haikuuliza rangi ya mtu. Karani wa malipo aliuliza.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 12 kwa ajili ya askari wa zamani na wajane karibu 7,000 katika nchi za Jumuiya ya Madola, ili waweze kupata milo miwili kwa siku. Hatusemi chakula hicho kilikuwa cha kukataliwa, kwani mwenye njaa hashindani na sahani. Lakini miaka 73 ilikuwa imepita tangu vita kwisha, na hata hapo fedha hizo ziliitwa msaada. Neno deni halikutajwa.

Sasa, ndugu zetu, tuingie katika kiini cha maneno yetu. Mzee hufika mbele ya dirisha la ofisi, naye huulizwa: cheti kiko wapi? Nambari yako ya jeshi ni ipi? Nani anakujua? Cheti kililiwa na mchwa, au kiliungua pamoja na nyumba. Waliomjua wamekwisha kufa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tunauliza: daftari lilikuwa kwa nani? Halikuwa kwa mzee huyu, ambaye pengine hakufundishwa kuandika jina lake. Daftari lilikuwa kwa serikali iliyomwandika. Mdaiwa ndiye aliyeshika hesabu, kisha mdaiwa huyo huyo anamtaka anayemdai alete ushahidi. Hapo ndipo dhulma ilipo, tena ni dhulma isiyo na kelele, kwani haimkatalii mtu. Humwambia njoo kesho, mpaka siku moja kesho inafika na mtu hayupo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Husimuliwa kisa cha mwaka 1964, pale Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa waliokuwa askari wa Wajerumani katika Tanganyika. Wazee kiasi cha 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti vyao. Basi mwenye kulipa, kwa mujibu wa masimulizi hayo, akampa kila mzee ufagio mkononi mahali pa bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hapana hata mmoja aliyekosea. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kinafundisha kwamba anayetaka kulipa hutafuta njia ya kumtambua anayemdai, na asiyetaka kulipa hutafuta karatasi iliyopotea.

Nako Ufaransa, sheria ya mwaka 1959 ilizigandisha pensheni za askari wa makoloni yaliyokuwa yakijitawala. Ya Mfaransa ilipanda kila gharama za maisha zilipopanda, na ya Mwafrika ikabaki pale pale. Sajini mmoja wa Senegal, Amadou Diop, aliyestaafu mwaka huo huo wa 1959, alilipeleka jambo hilo mahakamani. Tarehe 30 Novemba 2001 mahakama kuu ya mambo ya serikali ya Ufaransa iliamua kwamba pensheni ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa, na kwamba uraia wa mtu hauwezi kuwa sababu ya kuyapunguza. Ushindi huo ulipokelewa na warithi, kwa maana mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Na usawa kamili haukuanza mpaka tarehe 1 Januari 2011.

Basi sisi tufanye nini? Waliopigana Burma karibu wote wamekwisha. Lakini wajane na watoto wao wapo, na wapo wengine waliovaa sare baada yao. Kijana aliyekwenda vita vya Kagera mwaka 1978 leo amepita miaka 60. Tusingojee nao wafike umri wa kusahau nambari zao.

Kila tawi na lichague watu wawili wanaojua kuandika vizuri. Waende nyumba kwa nyumba, waandike jina kamili la mzee, nambari yake ya jeshi, kikosi chake, mwaka alioingia na mwaka aliotoka. Cheti kikiwapo, kinakiliwe, na asili irudi kwa mwenyewe. Mashahidi walio hai waandikiwe maneno yao sasa. Mjane atafutiwe cheti chake cha ndoa. Mzee asiende ofisini peke yake, na kila jibu aliloambiwa kwa mdomo liombwe kwa maandishi, pamoja na tarehe.

Na mambo mawili tunayakataza kabisa. La kwanza, asichukue mtu hata senti moja kwa kazi hii. La pili, mzee asiulizwe kadi yake ni ya chama gani. Sisi tunaopinga haki kugawiwa kwa kutazama sura za watu hatuwezi kuigawa vivyo hivyo. Aliyetumikia, ametumikia. Anadai, na alipwe angali hai.