NGUO ISIWE TAKA KABLA YA WAKATI WAKE
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Kingi kinachoshushwa bandarini Malindi hubaki Unguja, kikitumika au kikitupwa. Nguo nazo ni hivyo hivyo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba dunia hutoa tani milioni 92 za taka za nguo kila mwaka. Nyingi hufumwa kwa poliesta itokanayo na mafuta ya petroli. Haiozi upesi, na ikichomwa hutoa moshi wenye madhara.

Mfanyabiashara wa mitumba hununua robota likiwa limefungwa. Yaliyomo huyajua akishalipa. Nguo zilizochakaa huwa hasara yake, kisha mzigo wa Baraza la Manispaa, na mwisho jaa la Kibele. Mwaka 2016 Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019, lakini azma hiyo haikutimia. Kwa hivyo dawa isingojewe forodhani pekee.

Mfano umo majumbani. Kanga huanza kuvaliwa shughulini, ikawa ya kushindia, ikawa mbeleko, ikamalizikia tambara la jikoni. Biashara ikifuata mwendo huo, ndiyo uitwao uchumi wa mzunguko: mali haitoki katika matumizi maadamu ina kazi.

Muuzaji na agawe robota mafungu matatu: la kuuzwa, la fundi cherehani, abadilishe zipu na vifungo au akate nguo za watoto, na la pamba iliyochakaa, liuzwe kwa mafundi magari kwa kupangusia mafuta. Vipande vya fundi vijaze mito. Shuka la hoteli lililochanika katikati bado lina foronya pembeni.

Ofisi za Serikali nazo zina wajibu. Zabuni ya sare isitazame bei ya chini tu, bali kitambaa imara, pindo la kuachilia na ahadi ya matengenezo. Sare rahisi inayochanika upesi hununuliwa mara mbili kwa fedha za umma.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Muuzaji anayeandika nguo alizozitupa kutoka kila robota humjua msambazaji anayemuuzia taka, na ofisi inayoandika umri wa sare zake hujua inachokilipia. Inahimizwa daftari hilo lifunguliwe.