Kamusi ya Uchumi kwa Mfasiri Aliye Kazini



Kila Juni, Waziri wa Fedha anaposimama bungeni Dodoma kusoma hotuba ya bajeti, hutaja fungu ambalo Serikali itakopa katika soko la ndani ili kulipa hatifungani na dhamana zake zinazoiva. Wachumi wetu wamekizoea kitenzi hicho cha kuiva kiasi kwamba hawakisikii tena. Sasa mchukueni mfasiri aliyeletewa ripoti ya Kiingereza kuhusu deni la taifa, na inatakiwa kesho asubuhi. Akifungua orodha ya istilahi za uchumi atakuta hatifungani. Kuiva atakukuta katika kamusi ya jumla, pamoja na maembe na wali. Asipowahi kusoma hotuba ya bajeti, ataandika kwamba hatifungani zimefika muda wake wa ukomavu, na mchumi atakayeisoma atajua papo hapo kwamba mwandishi ni mgeni.

Hoja yangu leo ni hiyo. Istilahi tunazo. Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa mwaka 1967, limezisanifu na kuzitoa katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili nayo ilifanya yake. Kinachompotezea mfasiri muda ni majirani wa istilahi: riba hutozwa, gawio hutolewa, ukwasi hupungua, mikopo huwa chechefu. Nomino ikishapatikana kazi ndiyo kwanza imeanza, na orodha zetu nyingi humwacha mtu pale pale.

Walioliona jambo hili mapema ni wanaleksikografia wa Aarhus, Denmark, wakiwamo Henning Bergenholtz na Sven Tarp. Nadharia yao ya uamilifu inasema kamusi ni chombo, na chombo huundwa kwa kuanza na mtumiaji: ni nani, anafanya nini, amekwama wapi. Kamusi zao za uhasibu za Kidenishi na Kiingereza ziliwakutanisha watu wa lugha na watu wa hesabu, na chini ya istilahi zikaweka misemo ya kihasibu pamoja na tafsiri yake. Pedro Fuertes-Olivera wa Valladolid akashirikiana nao kuipeleka kazi hiyo katika Kihispania. Jambo ninalowahusudu ni ujasiri wa kuficha. Mtandaoni nafasi haiishi, kwa hiyo kishawishi cha kumwaga kila kitu kwenye kioo ni kikubwa. Wao waliona kwamba anayesoma ili aelewe apewe fasili fupi, na anayefasiri apewe visawe na mifano. Etimolojia ikae pembeni, aitake mwenyewe anayeihitaji.

Lakini hatuwezi kuichukua kamusi ya Aarhus tukaibandika maneno ya Kiswahili. Kwanza kuna utafutaji. Mfasiri atanakili “zitakazoiva” kutoka kwenye matini na kuibandika katika kisanduku. Programu isiyojua kuvua viambishi itamjibu kwamba neno halipo. Akiandika mfumko au mfumuko, hati fungani au hatifungani, afike mahali pamoja. Na kurasa ziwe nyepesi, maana wengi wetu tunafanya kazi kwa bando la simu.

Pili kuna mipaka, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Tanzania tuna Kodi ya Mapato na Kodi ya Ongezeko la Thamani, na ushuru tumeuachia forodha, baadhi ya bidhaa na makusanyo ya halmashauri. Kenya, ushuru ndio unaobeba tozo za serikali kwa ujumla; mtaani Mombasa ukisema kodi, mtu atafikiria kwanza ya nyumba. Kiwango cha juu cha asilimia 35 katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kilichoanza Julai 2022, kinasomwa pande zote mbili za mpaka wa Namanga. Wapo wenzangu wanaotaka kamusi iamue neno moja na kulipiga marufuku jingine. Sikubaliani nao. Kusanifu ni kazi ya mabaraza. Kamusi ya mfasiri iandike lebo ya nchi, kisha imwache achague kulingana na msomaji wake.

Tatu ni tarehe, ambayo sijaiona katika orodha yetu yoyote. Mabadiliko ya mwaka 2007 katika viwango vya kimataifa vya uhasibu, yaliyoanza kutumika Januari 2009, yaliipa mizania jina jipya: taarifa ya hali ya kifedha. Mfasiri wa hesabu za mwaka 2006 na yule wa hesabu za 2016 wana ukurasa ule ule wenye vichwa viwili tofauti, na wote wako sahihi. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kuongoza sera yake kwa ujazi wa fedha, ikaanza na Riba ya Benki Kuu ya asilimia 5.5. Kamusi iliyochapwa mwaka mmoja kabla ya hapo isingeweza kumsaidia mtu kufasiri tamko lile. Ya mtandaoni ingeweza jioni ile ile, kama ingekuwa na mhariri.

Mhariri huyo anahitaji malighafi, nayo ipo. Hotuba za bajeti hutoka kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Matamko ya Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu pia. Naziomba Wizara na Benki Kuu zitoe matini hizo mbili mbili, katika mafaili yanayosomeka kwa kompyuta na si picha za kurasa zilizoskaniwa. Nanyi wachumi wa chuo hiki, kila idara itupe mtu mmoja wa kukaa na wanaleksikografia. Tusianze na istilahi elfu kumi. Tuanze na deni la taifa peke yake, tulimalize, kisha tuwakabidhi wafasiri walijaribu.