Uchovu Usioonekana kwa Macho

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Mkuyuni, Mwanza)



Nimepewa nusu saa. Nitatumia robo, maana nakumbuka jinsi sisi wenyewe tulivyokuwa tukisinzia wageni wa heshima walipohutubia.

Wengi wenu mnajua kazi yangu. Kwa miaka mingi nimewaandikia watu barua za madai ya mafao, na rufaa pale madai yanapokataliwa. Leo nitawaeleza dai la kwanza nililolishughulikia, nikiwa Kidato cha Pili. Nililiharibu.

Mjomba wangu alikuwa mwanamgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, naye aliitwa, akapanda meli hapa Mwanza kwenda Bukoba. Sisi tuliobaki hatukuwa mbali sana na vita hiyo. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilikuja kuupiga mji huu, ikakosa shabaha, na wanyama wa kisiwa cha Saanane ndio waliouawa. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Baadaye mjomba akarudi, hana kovu hata moja. Mama alipiga vigelegele.

Lakini kule alikuwa ameugua homa kali, na homa ilipokwisha, nguvu hazikurudi. Siku moja angevuta kokoro na vijana tangu alfajiri, ukamwona mzima kabisa. Kesho yake hainuki kitandani, na kesho kutwa vivyo hivyo. Alilala akaamka kama mtu aliyekesha. Akisimama ghafla hushika ukuta. Katikati ya mazungumzo alisahau alichotaka kusema. Hospitali walimpima damu, wakampiga picha ya kifua, wakasema haoni ugonjwa. Mtaani wakampa jina: Bwana Kesho.

Mwaka 1985 aliomba msaada kwa ajili ya walioumia vitani. Barua niliandika mimi, kwa mwandiko wangu bora. Siku moja akaja afisa wa ofisi ambayo sina haja ya kuitaja. Mjomba hakuwapo. Afisa akaniuliza, "Mjomba wako hufanya kazi?" Nikajibu, "Ndiyo, siku nyingine huvuta kokoro." Akaandika, akafunga daftari. Hakuuliza kesho yake huwaje, wala mimi sikusema. Tulikuwa tumefundishwa kujibu swali lililoulizwa.

Jibu likaja: mwombaji ana uwezo wa kufanya kazi. Mjomba aliikunja ile barua, akaiweka chini ya godoro. Hakunikaripia. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulimwambia habari ya kesho yake?"

Alifariki miaka kumi na moja baadaye. Siwezi kusimama hapa nikasema aliugua nini, maana hakuna daktari aliyempima kwa jina hilo. Hata jina lenyewe halikuwapo tulipoandika barua ile. Ni mwaka 1988 madaktari wa Marekani walipouita ugonjwa wa uchovu sugu. Mwaka 2015 kamati ya wataalamu wa huko ilitaja dalili zake kuu: nguvu kupungua sana kwa zaidi ya miezi sita, usingizi usioburudisha, na hali kuzidi kuwa mbaya baada ya kazi hata ndogo, tena huenda ikawa kesho yake. Huongezwa akili kuwa nzito au mwili kushindwa kustahimili kusimama. Mpaka leo hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha. Niliposoma hayo, nilifunga kitabu nikatoka nje.

Nataja Marekani kwa sababu sheria yake imelizungumzia jambo hili waziwazi. Askari wake karibu 700,000 walikwenda Vita ya Ghuba ya 1990 na 1991, na wengi walirudi na uchovu usioelezeka. Walikataliwa kwanza, kama mjomba. Mwaka 1994 bunge lao likapitisha sheria ya kuwalipa hata wenye maradhi yasiyojulikana. Sheria ya 2001 ikautaja uchovu sugu kwa jina. Askari wa vita ile mwenye ugonjwa huo, ukifikia kiwango kilichowekwa, hadaiwi tena kuthibitisha ni kitu gani hasa kilichomdhuru. Ulemavu wake hupimwa kwa asilimia 10, 20, 40, 60 au 100. Na ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, shaka humwendea askari.

Hata hivyo, wako wanaoshindwa. Katika viwango vingi siku za kulala huhesabiwa tu ikiwa daktari ndiye aliyeamuru mapumziko na kutoa matibabu. Aliyejilaza kwake kimyakimya, kwa haya au kwa kukosa nauli, siku zake si kitu mbele ya sheria. Akikataliwa, ana mwaka mmoja wa kuchagua njia: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa juu apitie upya, au kwenda kwenye baraza la rufaa.

Sisi hapa tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008. Vijana, ipo siku mtaumia kazini, au mtamwandikia mzee wenu. Shikeni haya machache. Nendeni hospitali hata kama mara ya kwanza hawakuona kitu, mkahifadhi kila cheti. Wekeni daftari: leo nimefanya nini, kesho nimeamkaje. Barua ya kukataliwa msiifiche chini ya godoro. Isomeni, tafuteni sababu na tarehe ya mwisho ya rufaa.

Na ninyi mtakaokuwa maafisa, wapo wengi humu, mkumbuke kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu anayeonekana mzima Jumatatu, mwulizeni habari za Jumanne.

Nilisema kweli mbele ya yule afisa. Sikusema uongo hata neno moja. Ila nilisema nusu, na nusu ile ilimgharimu mjomba wangu jina lake mtaani mpaka kaburini. Basi mkiitwa kutoa ushahidi juu ya mgonjwa, msingoje kuulizwa. Semeni na habari ya kesho yake.