Ubingwa wa udaktari umekuwa wa mwenye nacho

(Maneno haya yalitamkwa na mwandishi mbele ya vijana wa tawi moja la chama jijini Dar es Salaam.)

Ndugu Mwenyekiti, vijana wenzangu,

Mtaniuliza, mtu aliyeishia kidato cha nne anajua nini juu ya madaktari? Najua foleni. Ukigongwa na gari Kariakoo ukabebwa hadi Muhimbili usiku wa manane, atakayekupokea mara nyingi si yule bingwa mwenye jina mlangoni. Ni kijana wa rika letu. Ama yuko katika mafunzo kwa vitendo, ama ni daktari kamili anayesomea ubingwa. Hao ndio wanaokesha wodini.

Sasa sikilizeni safari yake. Shahada ya udaktari ni miaka mitano. Kisha mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo, ndipo apate usajili kamili. Rafiki yangu tuliyesoma naye shule ya msingi amefika hapo. Mama yake anauza vitumbua. Mtaa mzima unamwita Dokta, na sisi tulidhani umaskini kwao umeshahama. Leo anapiga deiwaka katika zahanati ya mtu binafsi. Siku akiitwa analipwa, asipoitwa yuko nasi kijiweni.

Nilimuuliza kwa nini haendi kusomea ubingwa. Akacheka. Ni miaka mitatu au zaidi, na ada juu yako. Mwajiriwa wa Serikali anaomba ruhusa kwa mwajiri wake, na akiipata, mshahara unaendelea kuingia. Asiye na ajira wala mfadhili analipa ada chuoni, halafu anahudumia wagonjwa mchana na usiku bila mshahara, kwa sababu kwa jina yeye ni mwanafunzi. Jamani, kulipa ili ufanye kazi! Mtoto wa kigogo ataweza, baba yupo, chumba kipo. Huyu wa vitumbua ataishi kwa kula nini miaka mitatu?

Ataambiwa asubiri ajira. Ajira zenyewe tunazijua. Machi 2017 Rais Magufuli alikubali kuwapeleka Kenya madaktari 500, baada ya mgomo mrefu wa madaktari wa huko. Mahakama ya Kenya ikazuia. Mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kuwaajiri hapa hapa 258 kati ya walioomba kwenda. Ni vizuri waliajiriwa. Lakini watu 258 wenye sifa walikuwa wapi siku zote, wakati wagonjwa wa mikoani wanauza mbuzi ili wafike Bugando au Muhimbili kumwona bingwa? Walikuwa mitaani, kama rafiki yangu. Ilibidi Kenya igome ndipo waonekane.

Mtasema siku hizi upo ufadhili wa kusomea ubingwa. Upo, nami sitausema vibaya, wapo waliosoma kwa huo. Umepewa jina la Rais Samia, ingawa fedha ni kodi yako wewe unayenunua sukari na vocha. Swali langu ni kwa yule ambaye hakuchaguliwa.

Na wakidai? Januari 2012 madaktari wa mafunzo kwa vitendo pale Muhimbili waligoma kwa sababu posho zilichelewa. Jibu likawa kuwaondoa Muhimbili. Mgomo ukasambaa, na madai yakapanuka hadi mishahara na vifaa vya kutibia wagonjwa. Usiku wa tarehe 26 Juni mwaka huo Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wao, alitekwa. Alikutwa kesho yake Mabwepande, ameumizwa vibaya sana. Rafiki yangu anaikumbuka habari hiyo. Nikimwambia wajikusanye wadai, hutazama pembeni, kisha huuliza mechi ni saa ngapi.

Mbunge akija hapa kuomba kura, msimuulize habari za fulana na kofia. Muulizeni Serikali imewalipia vijana wangapi wa jimbo hili kusomea upasuaji, magonjwa ya watoto na uzazi, na wangapi wamerudi kuajiriwa. Mwambieni ajibu kwa tarakimu, longolongo hatutaki.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Mwenye swali aulize.