NANI ANASHIKA FEDHA, MALI IKIWA NJIANI?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali. Yamefupishwa kidogo ili yaenee katika ukurasa huu.)



Niliombwa nizungumzie ununuzi wa bidhaa kwa njia ya mtandao, na jinsi ya kujihadhari na matapeli katika kulipa. Wapo walioniambia kwamba hilo ni jambo la vijana na simu zao, halistahili kuwakusanya watu wazima. Sikubaliani nao. Mwalimu aliyeko Tunduru au Kasulu anapohitaji kompyuta, betri ya umeme wa jua au cherehani ya mkewe, mara nyingi kitu hicho hakipo katika duka lililo karibu naye. Kipo Kariakoo, au Guangzhou, au Yokohama. Anakiona katika simu, anatuma fedha, anangoja. Na fedha zile si za mchezo. Ni mshahara wa mtu, na pengine ni mkopo atakaoulipa kwa kukatwa mshahara miaka mitatu ijayo. Zikipotea, deni halipotei pamoja nazo.

Ushauri tunaopewa aghalabu ni mmoja: kuwa makini. Ushauri huo si mbaya, ila hautoshi, kwa sababu haumwambii mtu awe makini na nini. Mimi napenda tuanze na swali moja, nalo ni hili: tangu dakika unapolipa mpaka dakika unaposhika mali yako, fedha ziko mikononi mwa nani? Ukilijibu swali hilo barabara utakuwa umekwisha kujua nusu ya hatari inayokukabili.

Biashara ya mbali si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 tajiri Taria Topan wa Unguja alimkopesha Tippu Tip bidhaa za kupeleka bara, akangoja miaka hata misafara iliporudi na pembe. Biashara ile ilijaa damu na minyororo ya watumwa, wala hatuisifu. Lakini tazameni jinsi ilivyopangwa. Aliyebeba hatari alikuwa mwenye mtaji, naye alimjua mdeni wake kwa ukoo na kwa nyumba, na nyuma yao wote wawili palikuwa na Sultani na kadhi. Leo mambo yamepinduka. Mnunuzi anayetuma fedha kabla ya kupata mali anamkopesha muuzaji. Hakuna jina jingine la kitendo hicho. Mwenye mshahara mdogo amekuwa mkopeshaji wa mtu asiyemjua, asiye na dhamana, asiye na anwani, wala hakuna aliyemwambia kwamba sasa anakopesha.

Mataifa mengine yalikumbana na tatizo hili zamani, yakaweka mtu wa tatu katikati. Posta ya India ilianza mwaka 1877 utaratibu wa kifurushi kinacholipiwa kinapopokelewa: tarishi hakukabidhi mzigo mpaka apewe fedha, na fedha zile Posta ndiyo iliyomfikishia muuzaji. Huko China, Alipay ilipoanza mwaka 2004 kazi yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo. Wanunuzi na wauzaji wa huko walikuwa hawaaminiani, basi fedha za mnunuzi zikawekwa amana, na muuzaji hakuzipata mpaka mnunuzi aseme kwamba mzigo umefika na ni wenyewe. Neno amana ni letu la siku nyingi, na nadhani lafaa kulirudisha katika biashara hii kwa maana yake kamili.

Sasa tujitazame wenyewe. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikafika kwetu mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Chombo hiki kimewafaa wanyonge kuliko mabenki mengi yalivyopata kuwafaa. Lakini kilizinduliwa kwa kazi gani? Kilizinduliwa ili kijana aliyeko mjini amtumie mama yake kijijini. Katika kazi hiyo hapahitajiki amana, kwani mtu hamshuku mama yake. Fedha zinakwenda moja kwa moja, zinapokelewa papo hapo, zinatolewa kwa wakala baada ya dakika chache. Sifa hizo hizo, yaani wepesi na kufika mara moja, ndizo anazozipenda mwizi. Sisi tumekichukua chombo cha kutumiana jamaa kwa jamaa tukakifanya chombo cha kununulia kwa wageni.

Hali ilizidi pale Jumia, duka kubwa la mtandaoni lililokuwa na utaratibu wa kulipa mzigo unapofika, ilipofunga shughuli zake hapa nchini mwezi Novemba 2019. Mwananchi wa kawaida amebakiwa hasa na kurasa za Instagram na makundi ya WhatsApp: picha nzuri, bei, namba ya simu, na maneno yale tunayoyajua sote, "lipa kwanza, mzigo unapanda basi jioni." Wengi wa wauzaji hao ni watu waaminifu wanaojitafutia riziki, na baadhi yao ni wake zetu na wadogo zetu. Ubaya ni kwamba ukurasa wa mwaminifu na ukurasa wa mwizi hufanana kama shilingi kwa ya pili. Picha huibwa kwa mwenzake, wafuasi hununuliwa, na maneno ya kusifu hujiandikia mwenyewe.

Njia iliyo salama kuliko zote ni ile ya kale: mali mkononi, fedha mkononi. Muuzaji akiwa mji mmoja nawe, usilipe kabla hujaigusa bidhaa, ukaiwasha na kuijaribu. Akiwa mji mwingine, mtafute ndugu au mwenzako aliyeko huko akuendee dukani. Na hapa nina neno na walimu hasa. Ninyi mna vyama vya akiba na mikopo. Kwa nini walimu ishirini wanaotaka kompyuta ishirini wanunue kila mmoja peke yake, usiku, kwa mtu asiyeonekana? Mkimtuma mwenzenu mmoja Kariakoo akiwa na orodha na kurejea na risiti, nauli yake mkiigawana ni ndogo, na bei ya jumla itawapa nafuu juu yake. Ushirika haukuzikwa na simu.

Ikiwa lazima ulipe kwa simu, afadhali Lipa Namba kuliko kumtumia mtu binafsi. Namba ya biashara huonyesha jina lililosajiliwa, na kumbukumbu yake yaweza kufuatiliwa. Haina amana ndani yake, na tapeli aweza kuipata naye. Kwa hiyo isikulevye. Soma jina linalotokea kabla hujaingiza namba ya siri. Duka linajiita hili, jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa: acha hapo. Na akikuambia kwamba namba ya kampuni leo ina hitilafu, utume kwa hii ya mhasibu, basi huyo amekwisha kujitambulisha.

Kwa anayenunua nje ya nchi, kadi ya benki ina faida moja kubwa ambayo wengi wetu hatuijui. Kanuni za Visa na Mastercard zinampa mnunuzi haki ya kupinga malipo kwa kupitia benki yake endapo mzigo haukufika au umefika kitu kingine. Muda wa kulalamika kwa madai mengi ya namna hiyo ni siku 120. Benki yako humdai fedha benki ya muuzaji, na muuzaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alituma mali. Si kila dai hushinda, na makarani wengine wa benki hukuangalia kana kwamba umeomba mwezi ushuke. Hata hivyo dai kwa maandishi. Ila usiitumie mtandaoni kadi ya akaunti inayopokea mshahara. Fungua akaunti ndogo, au tumia kadi isiyo na umbo ambayo kampuni za simu na mabenki hutoa, uweke humo kiasi cha ununuzi ule tu. Akiiba, ataiba vumbi.

Ile alama ya kufuli inayoonekana juu ya ukurasa wengi wanaidhania kuwa cheti cha uaminifu. Sivyo. Kufuli maana yake ni kwamba mazungumzo kati ya simu yako na duka lile hayasikilizwi na mtu wa kando. Kama mwenye duka ndiye mwizi, kufuli inakuhakikishia tu kwamba unaibiwa kwa faragha. Kinachofaa kutazamwa ni jina lenyewe la anwani, herufi kwa herufi, maana wezi hubadili herufi moja au huongeza kistari.

Jambo la magari ya Japani lastahili maneno yake, kwa kuwa humo ndimo mtumishi hupoteza mamilioni kwa siku moja. Muuzaji wa kweli hutuma ankara, nawe hulipa kwa benki. Mwizi aliyeingia katika barua pepe za mmoja wenu hungoja mpaka siku ya malipo, kisha huandika kwa lugha ile ile kwamba akaunti imebadilika. Barua ya kubadili akaunti haijibiwi kwa barua. Mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, wala si ile iliyomo ndani ya barua hiyo. Hakikisha pia kwamba jina la mwenye akaunti ni la kampuni yenyewe, na kwamba benki iko katika nchi ya kampuni hiyo. Kampuni ya Japani inayotaka ilipwe katika akaunti ya mtu binafsi, katika nchi ya tatu, haiuzi gari.

Ndugu zangu, sasa niseme juu ya lawama. Mtu akitapeliwa tunasema ana tamaa. Tunamcheka katika chumba cha walimu, naye anajifunza kunyamaza. Mwalimu wa pili anaibiwa kwa namba ile ile, wa tatu naye. Aibu hii ni mtaji wa matapeli. Wapo walioponzwa na tamaa, ni kweli, hasa wale wanaoahidiwa magari ya mnada wa bandarini kwa bei ya baiskeli. Lakini mama aliyelipia sare za wanawe kwa bei ya kawaida ana tamaa gani?

Dola imechukua hatua zake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015. Laini zikaanza kusajiliwa kwa alama za vidole nchi nzima mwaka 2019, na mwisho ukawekwa tarehe 20 Januari 2020. Tuliambiwa kwamba sasa kila namba ina mwenyewe. Naam, inaye, ila huyo mwenyewe mara nyingine ni bibi wa kijijini aliyewekeshwa kidole mara mbili na wakala mjanja, laini ya pili ikaenda kwa mwizi. Pigeni *106# mwone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu, na kama ipo msiyoijua, mwende mkaifute kabla polisi hawajaja kuwauliza.

Na makampuni je? Kampuni ya simu hutoza ada yake fedha ziendapo kwa mfanyabiashara, na hutoza ada hiyo hiyo ziendapo kwa mwizi. Sijaona kwa nini chombo kinachofaidi kila muamala kisibebe sehemu ya hatari yake. Ufundi wa kuzishika fedha za mnunuzi hadi athibitishe kupokea si jambo la ajabu. Wachina waliufanya zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Shirika letu la Posta nalo lina ofisi katika wilaya nyingi. Likikabidhi vifurushi na kupokea malipo papo hapo, kwa ada nafuu, litapata kazi na sisi tutapata amana. Nayasema haya katika gazeti la Chama kwa makusudi, maana wanaoweza kuyaamua wanalisoma.

Mmoja wenu ameniandikia katika kikaratasi akiuliza afanye nini aliyekwisha kuibiwa. Saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Usianze kwa kumpigia mwizi na kumbembeleza, maana unampa muda wa kuzitoa. Ipigie kampuni yako ya simu au benki, uombe fedha zizuiwe, uandike namba ya muamala. Ujumbe aliokutumia usiufute. Upeleke kwenda 15040, na namba yake uitaje utakapoulizwa. Kisha nenda polisi na picha za mazungumzo yote, upewe namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, kwa kuwa bila hiyo benki na kampuni zitakuzungusha. Na akikupigia mtu siku ya pili akisema kwamba yeye ni wa kitengo cha kurejesha fedha zilizoibwa, anahitaji tu ada kidogo ya kufungulia jalada, kata simu. Huyo ni yule yule wa jana.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na mikono iliyonyooshwa ni mingi. Nayangoja maswali.